Pete Tatu za Shaba

Kila asubuhi, kabla geti la garaji halijafunguliwa, Syntiche alimimina maji kwenye radiatere ya ile 404, akaiwasha, akaiacha ingurume polepole huku yeye akifagia. Hakuna aliyemtuma. Gari lilikuwa la Maman Brigitte, liliingia kwa ajili ya breki, na breki zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Lakini injini ya zamani ikikaa bila kuwashwa inanuna, na Syntiche hakupenda kitu chochote kinune karibu naye. Basi alifagia mchanga wenye mafuta, akasikiliza ule mngurumo, akatabasamu peke yake, akaendelea kufagia.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinama kuzoa takataka aliposikia mlio kama wa kifuniko cha chupa kinachofyatuka. Kitu kiligonga bati la paa, kikaanguka nyuma yake. Papo hapo maji ya moto yakaruka kutoka mbele ya injini, mvuke ukafunika kioo cha gari, na mngurumo ukaanza kukohoa. Syntiche aliutupa ufagio, akaingiza mkono dirishani, akazima.

Alipokiokota kile kilichoruka, kilimwunguza vidole, akakihamishia kwenye kitambaa. Ilikuwa bolti moja kati ya tatu zinazoshika mdomo wa maji, pale maji ya moto yanapotoka kwenye injini kurudi kwenye radiatere. Meno ya bolti yalikuwa mazima kabisa. Kati ya meno hayo kulikuwa na nyuzi nyembamba za shaba zilizogeuka kijani, na juu ya nyuzi kulikuwa na vipande vya aluminium vilivyong'oka kutoka kwenye kilase, yaani kile kichwa kinachofunika injini. Injini ilipopoa aliingiza kidole kidogo ndani ya tundu. Kidole kilitoka na unga mweupe, laini kama chokaa.

Baba yake, Constantin, alitoka nyumbani akiwa na kikombe cha chai mkononi. Nyumba na garaji vilikuwa katika parseli moja, yaani kiwanja kimoja, kwenye mtaa wa Lubumbashi unaoitwa Kenya, na alizijua sauti za magari yake hata akiwa kitandani.

"Iko nini? Nilisikia kama muntu amepiga bunduki."

"Bulon ya maji imetoka, Papa."

"Imetoka ao imekatika?"

"Imetoka. Na meno ya tundu yote imekuja nayo."

Constantin alichukua bolti, akaiinua kwenye mwanga, akainywa chai yake taratibu. "Basi haiko kitu," akasema. "Tutaivalisha koti."

Kuvalisha koti ndiyo ilikuwa kazi yake iliyojulikana mtaa mzima. Tundu likipoteza meno, Constantin alichukua uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, akauzungusha kwenye bolti kwa ufundi, uzi ukikaa katikati ya meno, kisha akaifunga bolti ile kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa, akisikiliza. Ilishika. Wenye magari waliondoka wakicheka, na wengi walirudi mwaka uliofuata wakiwa na tundu kubwa zaidi. Constantin alisema ni barabara, ni joto, ni maji ya bomba. Kisha alivalisha koti nene zaidi.

Syntiche alijua kwamba si barabara wala si joto. Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo cha ufundi wakati mwalimu alipoikaza bolti ya shaba ndani ya kipande cha aluminium, akaviweka vyote katika glasi ya maji yenye chumvi kidogo, akaiacha glasi dirishani hadi likizo ya Pasaka ilipokwisha. Waliporudi, shaba ilikuwa nzima. Aluminium ilikuwa imeliwa kuzunguka bolti, kama keki iliyoachiwa sisimizi, na chini ya glasi kulikuwa na unga mweupe. Mwalimu alilitaja jina refu la jambo hilo, wanafunzi wakaliandika. Syntiche hakuandika kitu. Alikuwa anaiona mikono ya baba yake.

Tangu siku hiyo alitaka kusema, na tangu siku hiyo hakusema. Juu ya jiliwa, pale garajini, kulikuwa na picha ya babu yake, ambaye nyumbani wote walimwita Kambo. Amesimama kando ya gari-moshi, kofia mkononi, fundi wa reli aliyetoka kaskazini akiwa kijana na kuzeekea kwenye karakana. Ni yeye aliyemfundisha Constantin kuvalisha koti. Constantin aliisimulia habari hiyo kwenye kila sikukuu, kwa maneno yale yale, na alipofika mahali ambapo Kambo anamshika mkono na kumwambia "sikiliza chuma", sauti yake ilipungua kidogo. Kumwambia kwamba shaba ndiyo mwizi kulikuwa sawa na kuishusha ile picha ukutani.

Lakini 404 hii haikuwa kama teksi za kila siku. Mjini hapakuwa tena na kilase ya kuibadilisha. Constantin mwenyewe aliwahi kuitafuta kwa ajili ya mteja mwingine, akaulizia mpaka Likasi na Kambove, akarudi na vumbi tu. Karibu na lile tundu aluminium ilikuwa imebaki nyembamba. Koti moja zaidi, labda mbili, na ukuta wa tundu ungepasuka hadi kwenye njia ya maji. Hapo gari lingekwisha.

Na Jumamosi Maman Brigitte alikuwa na safari.

Alifika garajini asubuhi ile ile, saa tatu, amevaa kitenge cha parokia, akainama juu ya injini kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa mgodi wa Kambove. Mumewe alizikwa huko, na Jumamosi padri angeubariki msalaba mpya wa kaburi lake.

"Constantin, uniambie kweli," akasema. "Alinitoa Kambove na gari hii, niko bibi-arusi, niko mwembamba kama huyu mutoto yako. Sitaki kumurudilia ndani ya Hiace ya bantu bengine."

"Utafika nayo, Maman. Kabla ya padri."

"Na weye, Syntiche? Nitafika nayo, ao unasema nini? Huyu mutoto anaongea kama maneno inamuuma meno."

Syntiche alicheka kidogo, akatazama chini. "Tutaiangalia muzuri, Maman."

Ndiyo hayo tu aliyoweza kusema.

Baba yake alipomsindikiza Maman Brigitte barabarani, Syntiche alifanya jambo la kitoto. Alichukua kibunda cha waya wa shaba kilichotundikwa msumarini, akakizamisha ndani ya pipa la matambara. Alifikiri, bila waya hakuna koti, na bila koti Papa ataniuliza tufanye nini.

Constantin alitafuta msumarini, akatafuta mezani, akatafuta chini ya meza. "Waya yangu imeenda wapi?"

"Sijui, Papa," akasema Syntiche, na masikio yake yakawaka moto.

Ng'ambo ya ukuta alikaa Chileshe, mtu anayesuka upya mota za umeme zilizoungua. Alikuwa na shaba kuliko mtu yeyote katika mtaa, na masikio kuliko shaba.

"Constantin! Unatafuta mukuba mu Lubumbashi? Ni kama muntu anatafuta vumbi mu barabara." Furushi la waya likaruka juu ya ukuta, likaanguka miguuni pa Syntiche. "Chukua. Ikikwisha, unilombe ingine."

Manseba mmoja aliyekuwa amesimamisha pikipiki yake getini kusubiri abiria alifungua kisanduku chini ya kiti, akatoa kipande chake. Mama muuza mandazi naye akaja na kamba ya waya aliyokuwa amefungia jiko. Syntiche alisimama na ufagio, akayatazama mafungu matatu ya shaba juu ya meza. Akaona kwamba katika mji huu shaba haifichiki.

Constantin alikwisha kuanza kuzungusha uzi wa kwanza. Syntiche akasogea.

"Papa."

"Mm."

"Ile tundu imekuwa kubwa. Koti haitashika mpaka Kambove."

"Nitavalisha mbili."

"Hata mbili." Aligusa bolti mbili zilizobaki. "Na zile tundu ingine mbili nimeziangalia. Ni vile vile. Tungezipanua zote, tukate meno mupya, tuweke pete. Pete iko na meno inje na ndani. Inakaa mu kilase, na bulon inaingia ndani yake."

Constantin aliacha kuzungusha. Alimtazama bintiye, kisha akaitazama injini, kisha akacheka taratibu kwa pua.

"Njo vile banafundisha kule?"

"Ndiyo, Papa."

"Na ulikuwa unakaa kimya, miye nikivalisha makoti kama fundi cherehani." Akautupa ule uzi mezani. "Muzuri. Leo tutafanya ya masomo. Nitaenda miye mwenyewe kwa Musonda, anichongee pete."

Musonda alikuwa na mashine ya kukerezea vyuma karibu na soko. Constantin alipima bolti, akapima unene wa aluminium kwa kipimo cha Syntiche, akavaa shati safi, akaondoka. Syntiche alibaki akiimba. Alikuwa amesema, na hakuna kilichoanguka. Alizitoa bolti mbili zilizobaki, akakwangua ule unga mweupe, akaziba njia ya maji kwa kitambaa ili machicha ya chuma yasiingie ndani. Hakuwaza kitu kingine. Hakuwaza kwamba amezungumzia pete bila kusema ni za nini. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa wazi: chuoni pete zote alizoziona zilikuwa za chuma cha pua.

Constantin alirudi jua likiwa linaelekea kuzama, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Alimwita Syntiche mezani, akafungua leso.

Pete tatu zilikuwa ndani, ndogo, nyekundu, zinang'aa, meno yake yamekatwa sawasawa nje na ndani. Zilikuwa za shaba tupu.

"Musonda alitaka kunipa chuma," akasema Constantin. "Nikamuambia, Musonda, hii kazi ni ya mutoto yangu, ya masomo yake, weye unanipa chuma ya kuokota? Alikuwa na fimbo ya mukuba, ameifichaka miaka mingi chini ya sanduku. Unajua kukata meno mu mukuba ni hatari, inanasa kama ulimbo. Ameharibu moja, amerudilia. Angalia. Angalia ile meno." Aliisogeza pete moja kwenye mwanga kwa ncha ya kidole. "Kambo yako angeona hii, asingelala."

Syntiche aliiangalia. Kweli ilikuwa kazi ya ajabu.

"Ni muzuri, Papa," akasema.

Usiku hakula vizuri, na alipoulizwa alisema kichwa kinamwuma.

Kesho yake, Ijumaa, walianza mapema. Umeme ulikuwa umekatika, lakini Constantin hakutumia umeme kwa kazi kama hiyo. Alitumia keke ya mkono ya zamani, na alikuwa na namna yake. Alichukua sidi ya kwaya iliyokwaruzika, akailaza juu ya kilase, tundu la sidi juu ya tundu la bolti, akaupitisha msumari wa keke katikati. Sidi iling'aa kama kioo. Msumari ukisimama wima, ule wa kweli na ule wa kiooni ni mstari mmoja. Ukiinama hata kidogo, mstari unavunjika kama goti. Constantin alikiegemeza kifua kwenye bodi ya gari, akafunga jicho moja, akazungusha. Machicha ya aluminium yalitoka kama nywele za fedha, yakanasa kwenye grisi aliyoipaka msumari.

Syntiche hakuwahi kuweza kutoboa hivyo. Kila alipojaribu, mstari ulivunjika.

"Sasa weye," Constantin akasema alipomaliza tundu la tatu. "Meno ni yako. Miye mukono yangu inakimbia."

Syntiche alichukua taro, kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu, akaichovya kwenye mafuta ya taa, akaisimamisha tunduni. Nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma, ili machicha yakatike. Hakuwa na haraka. Kila robo aliyorudi nyuma aliisifu moyoni, kwa kuwa kazi hii ilikuwa sawa kwa pete yoyote, ya shaba au ya chuma, na maadamu aliendelea kukata meno hapakuwa na haja ya kusema lolote. Lakini matundu yalikuwa matatu tu. La mwisho nalo likakamilika. Akapuliza, akafuta, akaona meno mapya yakimeremeta ndani, safi, katika aluminium nzima iliyobaki.

Ilibaki hiyo tu. Hapakuwa na nafasi ya kupanua tena.

Maman Brigitte alikuwa amefika wakati huo, akakaa juu ya gurudumu lililolazwa, kikapu mapajani. Aliomba kuziona pete. Constantin akamwekea kiganjani.

"Eh, Constantin. Ni kama pete za arusi. Unaolewesha motere yangu?"

"Naiolewesha, Maman. Safari hii haitamuacha bwana." Constantin alikuwa anacheka kwa uso mzima, jambo ambalo Syntiche hakuliona mara nyingi. Akaichukua pete ya kwanza, akaizungusha tunduni mizunguko miwili kwa kujaribu. Ikaingia kama iliyozaliwa humo. Akaitoa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Leta kole."

Syntiche alikuwa na kole mkononi, chupa ndogo nyekundu ya gundi ya bolti. Pete ikifungwa na gundi ile haitoki tena bila kuvunja kilase.

"Syntiche. Kole."

"Hapana, Papa."

Constantin aligeuka. Maman Brigitte aliacha kupekua kikapu chake.

"Hapana nini?"

Syntiche aliirudisha chupa kifuani, akaishika kwa mikono miwili. Alitazama viatu vyake, kisha akajilazimisha kutazama juu, si kwenye macho ya baba yake, ila kwenye kidevu.

"Mukuba njo inakula aluminium," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Maji ikiingia katikati yake, mukuba inabakia muzima, aluminium inakuwa unga. Ule unga mweupe mu tundu. Si joto, Papa. Si barabara. Si maji ya bomba. Ni koti. Kila koti tuliivalisha, ilikula kidogo. Hizi pete zitashika leo. Zitafika Kambove na zitarudi. Halafu siku moja zitaanguka na kipande ya kilase, na hatutapata kilase ingine."

Ng'ambo ya ukuta, Chileshe aliyekuwa akigonga kitu aliacha kugonga.

Constantin aliizungusha pete kwenye kiganja chake. Macho yake yalipanda polepole mpaka juu ya jiliwa, yakakaa hapo.

"Basi baba yangu alinifundisha uongo."

"Hapana. Kambo hakukosea." Hili Syntiche alikuwa amelifikiria usiku kucha, na lilitoka kwa haraka. "Kambo alikuwa anafunga chuma. Mashine zake zote zilikuwa chuma, na mu chuma mukuba inashika miaka. Alikufundisha kweli. Ni magari njo ilibadilika, Papa, ikakuwa na vichwa vya aluminium, na hakuna muntu alikuja hapa kutuambia."

"Lakini weye ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa tatu."

Constantin alizikusanya pete zote tatu, akazirudisha kwenye leso, akaikunja leso kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Maman Brigitte alimtazama yeye, akamtazama Syntiche, akavuta pumzi.

"Miye sikusoma hizi mambo," akasema. "Lakini kesho asubuhi niko na padri. Kama inaomba chuma, muweke chuma. Bwana yangu hataniuliza pete ilikuwa rangi gani."

"Musonda iko na chuma cha pua, na iko na jenereta," Syntiche akasema. "Anaweza kuchonga mbele ya jioni. Vipimo ni vile vile. Matundu ni muzuri, Papa, umetoboa sawa kabisa. Hakuna kitu kimepotea."

"Nenda," Constantin akasema. "Chukua manseba, nenda. Umuambie ni miye nimekutuma. Umuambie chuma."

Alimpa bolti ya kupimia. Syntiche aliichukua, akavua koti lake la kazi, akaenda. Alikuwa amefika getini, manseba amekwisha kuwasha pikipiki, baba yake alipomfuata. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi.

"Simama kidogo. Miaka yote ile unaniona navalisha makoti. Unanipa waya kwa mukono yako. Kwa nini haukusema?"

Syntiche angeweza kusema kwamba alisahau, au kwamba hakuwa na uhakika, na baba yake angekubali. Manseba alijifanya kutazama kioo cha pikipiki.

"Niliogopa utafikiri masomo ulinipeleka ilinifundisha kukuzarau," akasema. "Hapana, Papa. Nakuheshimu. Nilikuheshimu mpaka nikaacha motere za bantu ziharibike, nikinyamaza. Sitaki tena kukuheshimu namna ile."